Tembo Bibi wa Mikumi

Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya Isha, watoto wa madrasa yetu hapa Ruaha husoma Surat al-Kahf kwa zamu, aya chache kila mmoja, na mwalimu huwafasiria kwa Kiswahili. Juma moja kabla ya likizo ya Desemba, zamu ilipofika kwenye habari ya vijana waliolala pangoni miaka mia tatu na kuongezeka tisa, mtoto mmoja wa miaka tisa alinyoosha mkono. Hakuuliza habari za vijana. Aliuliza habari za mbwa wao. Je, mbwa naye alikaa miaka yote hiyo? Na kwa kuwa mbwa wa mtaani hafiki hata miaka ishirini, ni mnyama gani basi aishiye zaidi kuliko wote, pasipo muujiza?

Mwalimu alitabasamu, akasema swali hilo ni la kamati ya msikiti. Kamati ikasema ni la katibu. Ndivyo lilivyotufikia. Tulidhani litatuchukua jioni moja, kumbe lilituchukua likizo nzima, likatupeleka Mikumi na watoto arobaini katika basi la kukodi, na mwishowe likaturudisha kwenye jambo la msikiti wetu ambalo tulikuwa tunaona haya kulitamka.

Tutoe kwanza jibu fupi, ili mtoto wetu asisubiri zaidi. Bingwa wa umri si wa nchi kavu. Mwaka 2016 wanasayansi waliochunguza macho ya papa wa Greenland, papa mkubwa akaaye katika maji ya baridi kali kaskazini mwa Atlantiki, walitangaza kuwa mkubwa kuliko wote waliopimwa alikuwa na umri usiopungua miaka 272, na huenda alikaribia 400. Jike la papa huyo halifikii umri wa kuzaa mpaka litimize takriban miaka 150. Chaza mmoja aliyetolewa baharini karibu na Iceland mwaka 2006 alihesabiwa mistari ya ukuaji katika gamba lake, ikapatikana 507. Na yuko nyangumi wa bahari za barafu ambaye huvuka miaka 200. Mwaka 2007 wavuvi wa Alaska walimpasua mmoja wakakuta kipande cha chusa kilichotengenezwa mwishoni mwa karne ya 19, kimeganda ndani ya nyama yake. Aliyemchoma alikwisha kufa zamani, yeye bado alikuwa akiogelea.

Katika nchi kavu taji ni la kobe. Kobe aitwaye Jonathan, wa kisiwa cha Saint Helena, alifikishwa huko mwaka 1882 akiwa tayari amekomaa, na kwa kukadiria kuwa alizaliwa mwaka 1832 wenyeji wake walimfanyia sherehe ya miaka 190 mwaka 2022. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Aliyewahi kupanda mashua kutoka Forodhani kwenda kisiwa cha Changuu, Zanzibar, amewaona kobe wakubwa wa jamii hiyo hiyo. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919, zawadi kutoka kwa gavana wa Shelisheli. Na wasomaji wenye watoto watakumbuka habari ya Mombasa baada ya mawimbi makubwa ya Desemba 2004, pale kiboko mchanga aliyepotezana na kundi lake, aliyepewa jina la Owen, alipokwenda kujibanza ubavuni mwa kobe mzee wa Haller Park, aliyeitwa Mzee na kukadiriwa kuwa na miaka ipatayo 130. Kobe mwanzoni alimkimbia. Baadaye walilala pamoja.

Hata katika bahari yetu yumo mzee. Samaki silikanti, ambaye dunia ilidhani ametoweka pamoja na wanyama wa kale, alivuliwa kwa mara ya kwanza katika maji ya Tanzania mwaka 2003, huko Songo Mnara, Kilwa, kisha wengi wakavuliwa Tanga. Watafiti wa Ufaransa waliosoma magamba yake mwaka 2021 walikadiria kuwa huweza kukaribia miaka 100, na kwamba hubeba mimba kwa miaka kama mitano.

Msomaji atakuwa ameona jambo linalojirudia. Wanyama waliojaaliwa umri mrefu hawana haraka. Hukua polepole na kuzaa polepole, na kwa sababu hiyo huisha upesi pindi mkono wa mtu unapowaingilia. Kobe wa Changuu walikwisha kuongezeka hadi kufikia kama 200 katikati ya miaka ya 1950. Wezi wakawaandama, kobe mmoja baada ya mwingine, mpaka mwaka 1996 wakabaki saba. Ilibidi kuletwa makinda mengine na kuwajengea uzio. Mnyama anayeweza kuishi kuliko vitukuu vyetu alikuwa karibu kumalizwa katika umri wa mtu mmoja.

Hayo tungeweza kuyasoma darasani na kumaliza. Lakini watoto wetu wanaishi kilomita chache kutoka kwa mnyama mwingine wa umri mrefu, ambaye wazazi wao humtaja kwa hofu zaidi kuliko kwa staha. Tembo wa Afrika huishi miaka 60, wachache hufika 70. Kwa wingi wa miaka hawezi kushindana na papa wala kobe. Kwa namna anavyoitumia miaka hiyo, hatukumpata wa kulinganishwa naye isipokuwa binadamu na nyangumi. Watoto wanamjua tembo tangu Surat al-Fil, sura fupi wanayoihifadhi mapema, na mwalimu huwasimulia habari za Mahmud, tembo wa jeshi la Abraha ambaye wanazuoni wa sira wamesema alipiga magoti nje ya Makka akakataa kusonga mbele, mwaka ule ule aliozaliwa Mtume Muhammad (s.a.w.). Wanamjua katika kitabu. Tuliona ni vyema wamjue pia porini.

Tukakodi basi. Wazazi walichanga, na waliokosa tuliwachangia kutoka katika sanduku la Ijumaa kwa idhini ya kamati. Tuliondoka baada ya Alfajiri, tukaiacha miwa nyuma yetu, tukapita Kidodi kuelekea Mikumi mjini, kisha tukashika barabara kuu ya Morogoro inayoikata hifadhi. Pamoja nasi alikuwamo bibi mmoja wa hapa mtaani, mwenye umri uliopita miaka themanini kwa hesabu ya mwanawe, ambaye alisikia habari za safari akatuma ujumbe kwamba naye anakuja. Tulijaribu kumwambia kwamba barabara inachosha. Alijibu kwamba aliitembea njia hiyo kwa miguu kabla sisi hatujazaliwa, na kwamba anataka kiti cha mbele.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Upande wa kusini inapakana na mbuga tuliyoizoea kuiita Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katika uwanda wa Mkata, kabla jua halijawa kali, tuliwakuta tembo kumi na mmoja wakivuka njia ya magari. Mbele alikuwa jike mkubwa asiye na pembe hata moja, masikio yake yamechanika pembeni kama kitambaa kilichofuliwa sana. Alisimama katikati ya njia, akalitazama basi. Wengine wote wakasimama. Hakuna aliyepita mpaka yeye alipogeuza kichwa na kuanza tena kutembea, na ndama wawili wakapita chini ya matumbo ya wakubwa wao. Watoto arobaini walinyamaza kimya, jambo ambalo mwalimu wao alituapia hajawahi kuliona.

Muongoza wageni aliwaeleza kwamba huyo ndiye bibi wa kundi. Kundi la tembo ni familia ya majike: bibi, dada zake, binti zake na watoto wao. Madume huondoka wakibalehe, wakazurura peke yao au na madume wenzao. Jike hubeba mimba miezi 22, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne au mitano. Anayeongoza si mwenye nguvu kuliko wote wala mwenye hasira, bali kwa kawaida ni mkubwa wao kwa umri.

Mtoto mmoja aliuliza tembo hufa kwa nini kama hawindwi. Jibu lake lilitushangaza sisi wakubwa. Tembo hufa kwa meno. Si pembe, bali magego ya kutafunia. Katika maisha yake hujaaliwa seti sita za magego, kila moja ikija kutokea nyuma na kuisukuma mbele ile iliyochakaa mpaka idondoke. Seti ya sita ni ya mwisho. Inapolika, karibu na umri wa miaka 60, tembo huyo hutafuta majani laini ya mabwawani, na hayo yakimshinda hudhoofu na kufa. Muda wake umepimwa mdomoni mwake tangu siku aliyozaliwa. Bibi yetu wa kiti cha mbele alisikia haya, akajishika shavu, akasema kwa sauti kwamba basi yeye amekwisha kuwapita tembo, maana seti zake zilikwisha siku nyingi. Watoto walicheka hadi muongoza wageni akaomba utulivu.

Sasa tuje kwenye faida ya umri huo. Huko Amboseli, Kenya, Mmarekani Cynthia Moss alianza mwaka 1972 kuwatambua tembo mmoja mmoja, na kazi hiyo haijakatika. Kwa kuwa umri wa wengi wao unajulikana, watafiti wengine waliweza kufanya majaribio. Waliwasikilizisha tembo sauti zilizorekodiwa. Familia zilizoongozwa na majike wazee zilitambua upesi ipi ni sauti ya tembo jirani na ipi ni ya mgeni wa kujihadhari naye, wakati zile za viongozi vijana zilishtuka ovyo kwa kila sauti. Waliwasikilizisha pia ngurumo za simba. Viongozi waliovuka miaka 60 walitofautisha ngurumo ya dume, ambaye ndiye wa hatari zaidi kwa ndama, na ya jike. Kijana hutofautisha kwa shida. Katika jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2014, tembo wa Amboseli walionekana kutofautisha sauti ya mwanamume wa Kimasai, ambaye humchoma tembo kwa mkuki, na ya Mkamba, na hata ya mwanamume na ya mwanamke.

Ushahidi mzito zaidi umetoka katika nchi yetu, Tarangire. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga hifadhi hiyo. Katika miezi tisa walikufa ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa, ilhali katika mwaka wa kawaida hufa wawili tu katika kila mia. Lakini vifo havikugawanyika sawasawa. Koo mbili za tembo zilitoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho, ukoo mmoja ukabaki, na ule uliobaki ndio uliopoteza ndama wengi. Watafiti walipolinganisha umri wa viongozi walikumbuka kwamba ukame mwingine wa namna hiyo ulitokea kati ya mwaka 1958 na 1961. Majike waliokuwa na umri wa kuukumbuka walikuwamo katika koo zilizoondoka. Ukoo uliobaki ulikuwa ndio ulioandamwa zaidi na majangili katika miaka ya 1970 na 1980, na wazee wake walikuwa wamekwisha. Hakukuwa na aliyebaki wa kuwaonyesha njia.

Hapo ndipo mtu hulazimika kuuliza kwa nini wazee ndio waliokwisha. Jibu ni pembe. Pembe ya tembo haiachi kukua maisha yake yote, hivyo mwenye umri mkubwa ndiye mwenye mzigo mkubwa, na mwenye bunduki humchagua yeye kwanza. Biashara hii si ngeni kwetu, wala hatuwezi kuifunika. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita katika nchi hii ya Usagara kwenda bara na kurudi na pembe zilizobebwa mabegani mwa watu, wengi wao wasio na hiari, kwenda kuuzwa Unguja, na huko Marekani zikachongwa funguo za piano. Wengi wa waliomiliki misafara hiyo walikuwa Waislamu wenzetu, na majina yao bado yanatajwa kwa fahari katika baadhi ya nyumba. Tunasema hivi bila kumhukumu maiti, kwani hesabu yao iko kwa Mola wao. Tunasema ili mtoto asidhani jangili ni mtu wa kabila au dini nyingine.

Wimbi la miaka ya 1970 na 1980 lilikuwa kali kuliko lile la misafara, kwa sababu ya silaha za kisasa. Serikali ilijibu kwa Operesheni Uhai mwaka 1989, na mwaka huo huo, kwa hoja ambayo Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioibeba, mataifa yalipiga marufuku biashara ya pembe za ndovu. Tembo wakaanza kuongezeka. Kisha ujangili ukarudi, na sensa zikaonyesha nchi nzima ikishuka kutoka tembo kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Hatua zilizochukuliwa tangu hapo zimewapa nafasi ya kupumua.

Bibi wa kiti cha mbele aliyakumbuka yale ya kwanza. Tulipokuwa tunakula chini ya mti aliwaambia watoto kwamba kuna miaka ambayo upepo ukivuma kutoka upande wa pori, watu walijua kuna mzoga, na kwamba mzoga haukuwa na uso. Hakusema zaidi. Alimega mkate wake akampa mtoto aliyekuwa karibu naye.

Na kuhusu Mikumi yenyewe upo utafiti ambao tunadhani kila mzazi wa huku angefaa kuujua, maana unahusu tembo hawa hawa tuliowaona. Kati ya mwaka 2003 na 2005, kwa miezi 25, Kathleen Gobush na wenzake, akiwamo Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliwafuatilia majike 218 wa makundi 109. Hawakuwadunga sindano wala kuwakamata. Waliokota kinyesi chao. Katika kinyesi hupatikana vinasaba vinavyoonyesha nani ni ndugu wa nani, na hupatikana pia mabaki ya homoni ambazo mwili humwaga unapokuwa katika hofu na msongo. Walichokikuta ni hiki: majike walio katika makundi yasiyo na bibi mzee, wasio na ndugu wa karibu na wasioshikamana, walikuwa na msongo mkubwa zaidi kuliko wenzao. Wale ambao makundi yao yalivunjika, yaani yalikuwa mchanganyiko wa mabaki ya familia mbalimbali, walizaa kwa uchache, ingawa wengi wao walikuwa katika umri ulio bora wa kuzaa. Walikuwa na chakula kile kile, maji yale yale na pori lile lile. Na ilikuwa imepita miaka kama kumi na mitano tangu marufuku ya mwaka 1989.

Tulilazimika kuisoma habari hiyo mara mbili. Aliyekuwa ndama wakati bibi yake anapigwa risasi alikuwa sasa jike kamili, amani imerudi, na bado mwili wake haukuwa na amani.

Hata yule jike asiye na pembe aliyetutazama njiani ana maelezo yake. Baadhi ya majike huzaliwa bila pembe kwa urithi wa damu, na hao majangili hawana haja nao. Huko Gorongosa, Msumbiji, wakati wa vita vya mwaka 1977 hadi 1992, idadi ya majike wasio na pembe ilipanda kutoka chini ya moja katika kila watano hadi kufikia nusu yao. Hatuna njia ya kujua habari za bibi yule wa Mkata. Tunachojua ni kwamba kuikosa pembe kumewanusuru wengi wa aina yake.

Mtoto wa kiume wa darasa la sita alitaka kujua kama madume wazee nao wana kazi, au wao ni wa kuzurura tu. Tulifurahi kwamba jibu lipo. Huko Pilanesberg, Afrika Kusini, walipelekwa tembo wadogo waliobaki yatima baada ya wakubwa wao kuuawa ili kupunguza idadi katika hifadhi ya Kruger. Walipobalehe bila mkubwa yeyote wa kuwazuia waligeuka wakorofi, na katika miaka ya 1990 waliua vifaru zaidi ya arobaini. Mwaka 1998 waliletwa madume sita wakubwa kutoka Kruger. Hawakufanya lolote la ajabu isipokuwa kuwapo. Vijana wakatulia, vifaru wakaacha kufa. Baba mmoja aliyekuwa amefuatana nasi alicheka kidogo, akamtazama mwanawe, akaendelea kula.

Hatutaki msomaji adhani tumesahau upande wa mkulima. Mwaka huu ndugu yetu mmoja, muumini wa safu ya kwanza, aliamka akakuta ekari yake ya mahindi imelazwa yote kwa usiku mmoja. Kifuta jasho kimechelewa na hakijafika. Kwake yeye, habari za hekima ya tembo ni maneno ya watu wasio na shamba, na hatuna haki ya kumlaumu. Upande wa pili wa mto, katika vijiji vilivyo chini ya milima ya Udzungwa, baadhi ya wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo, pamoja na ukubwa wote ule, humkimbia nyuki. Asali nayo huuzwa. Tumemwomba ndugu yetu akaone kwa macho yake, na kamati imejitolea nauli.

Sasa lile jambo letu. Mwezi wa Agosti, kabla ya haya yote, tulianza kuchimba msingi wa vyumba viwili vya madrasa nyuma ya msikiti. Ramani ilichorwa, fedha zilikuwapo, na sisi wenyewe ndio tuliopiga kamba. Siku ya pili jembe lilitoa mfupa mdogo. Fundi aliweka jembe chini, akatuita. Kulikuwa na makaburi, na kwa udogo wake yalikuwa ya watoto wachanga. Tulisimamisha kazi, tukamwita sheikh, tukarudisha udongo kwa mikono yetu. Mzee aliyekuwa akijua mipaka ya kiwanja hicho, mmoja wa waliokata miti ya kwanza ya msikiti huu, alifariki miaka miwili iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa akikaa barazani kila siku baina ya Magharibi na Isha. Tulikuwa tukimpa shikamoo na kupita.

Katika kikao cha kamati tulisema kwamba elimu ile imezikwa naye. Tuliliandika hivyo katika kumbukumbu za kikao, na mwandishi wa sentensi hiyo ndiye anayeandika makala hii. Siku tatu baadaye mjukuu wa bibi, huyu huyu wa kiti cha mbele, alikuja na ujumbe: bibi anauliza kwa nini hatukumuuliza. Yeye anajua makaburi yote ya upande ule. Mtoto wake wa kwanza amelala pale.

Kamati yetu ina wanaume tisa. Tulipowataka wazee wa kuuliza tuliwahesabu wazee wanaume, tukakuta wamekwisha, tukafunga daftari. Haikumpitia yeyote kati yetu kwamba wanawake waliozaa na kuzika katika mtaa huu miaka sitini wangekuwa na lolote la kusema juu ya kiwanja cha msikiti. Tulimwendea kuomba radhi, akatukaribisha chai, lakini kwenda kwenyewe kiwanjani tulikuwa tukiahirisha kwa haya, hadi tuliporudi kutoka Mikumi.

Jumamosi iliyofuata, baada ya Alasiri, bibi alikuja na fimbo yake. Watoto wanne wa madrasa walibeba vigingi, mmoja alibeba daftari, nasi tukashika kamba. Alianza kwenye mkwaju, akahesabu hatua kwa sauti ndogo, akasimama, akagusa ardhi kwa fimbo, akataja jina la mama. Mtoto akaandika, mwingine akapiga kigingi. Wakati mwingine alirudi nyuma hatua mbili na kusahihisha. Vigingi vilipofika kumi na vinne alisema vimekwisha, kisha akasimama kitambo mbele ya kile cha tisa, na sisi sote tukasoma Fatiha.

Vyumba vya madrasa vitajengwa upande wa barabara. Yule mtoto aliyeuliza habari za mbwa wa pangoni ndiye aliyekuwa na daftari, na amemwomba bibi aende tena kwake Jumamosi ijayo, kwa kuwa, asemavyo yeye, hajamaliza kuuliza.